Ungo wa Bibi: Kulea Mtoto Mdogo na Kuutunza Ua Anamokulia

Kumlea mtoto mdogo awe na afya na kuyatunza mazingira anamokulia ni kazi moja. Mtoto wa chini ya miaka mitano, ukilinganisha na uzito wake, hula, hunywa na kuvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Hutambaa chini, mahali vumbi linapotua, na kila anachokiokota hukipeleka kinywani. Kwa hiyo moshi wa jikoni, maji machafu ya mtaro, rangi inayobanduka ukutani na taka zinazochomwa nyuma ya nyumba humfikia yeye kwanza. Tena humdhuru zaidi, kwa kuwa mapafu, ini na ubongo wake bado vinajengwa. Kinachotupwa uani humrudia mtoto.

Maelezo haya yametokana na kumbukumbu za nyumba mbili za ukoo mmoja. Ya kwanza ilikuwa Ngamiani, Tanga, miaka ya 1980: nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, ambamo bibi mmoja alilea wajukuu saba. Ya pili ni nyumba ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam, ambamo mmoja wa wajukuu hao alilea watoto wake wawili, wa kwanza aliyezaliwa mwaka 2012 na wa pili 2015. Mjukuu huyo aliingia kwenye ulezi akiwa na mafundisho ya aina mbili: ya bibi yake na ya kliniki. Mara nyingi yalikubaliana. Yalipopingana ilibidi achague, na namna ya kuchagua alikuwa ameiona tangu utotoni, mikononi mwa bibi na ungo wake. Mchele wa shamba la nyumbani na mchele wa dukani hupepetwa kwa ungo ule ule, na jiwe haliachwi kwa heshima ya shamba lilikotoka.

Siku arobaini

Kwa desturi ya Pwani, mzazi hukaa ndani siku 40. Hatwangi, hateki maji, hasogelei moto. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu, na kazi yake kubwa huwa kunyonyesha na kulala. Mtoto naye hupata wageni wachache katika wiki ambazo kinga yake ni dhaifu kuliko wakati wowote mwingine. Sehemu hiyo ya desturi ilipita kwenye ungo nzima, na hadi leo hakuna dawa ya dukani inayoweza kushika nafasi yake.

Yalikuwapo mawe pia. La kwanza lilikuwa kumlambisha mtoto asali au kumnywesha maji ya sukari kabla ya ziwa, na kuyakamua na kuyamwaga yale maziwa ya mwanzo, mazito na ya manjano, yaitwayo dang'a. Leo inajulikana kwamba dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Inajulikana pia kwamba asali yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja haliwezi kuvizuia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Jiwe la pili lilikuwa kupaka kitovu majivu au mafuta, jambo linalofungua mlango kwa pepopunda na uambukizo mwingine, ilhali kitovu hutakiwa kuachwa kikavu na kisafi. La tatu lilikuwa wanja machoni mwa kichanga. Baadhi ya wanja hutengenezwa kwa madini ya risasi, na risasi haina kiwango kilicho salama kwa ubongo wa mtoto.

Maziwa ya mama ni chakula pekee cha kichanga kinachofika bila kopo, bila chupa, bila moto na bila gari la kukisafirisha. Ugumu wake ni muda. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara humpa mama likizo ya siku 84, na ya siku 100 akijifungua pacha, na kumruhusu akirudi kazini kutumia hadi saa mbili kwa siku kunyonyesha. Kati ya siku 84 na miezi 6 kuna pengo, na hapo ndipo kopo la maziwa ya unga linapoingia katika nyumba nyingi. Tabata pengo hilo lilizibwa kwa kukamua. Maziwa yalikamuliwa alfajiri katika bakuli lililochemshwa, yakafunikwa na kuwekwa kwenye friji, kwa sababu kwa joto la Dar es Salaam hayakai nje zaidi ya saa chache. Mtoto alinyweshwa kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa yenye chuchu, ambamo mabaki hujificha.

Kitovu cha mtoto wa kwanza kilipodondoka, bibi, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, aliomba kipelekwe Tanga. Kilizikwa shambani Pongwe, na juu yake ukapandwa mche wa mnazi.

Nepi, ndoo na jua

Katika nyumba ya Ngamiani nepi zilikuwa vipande vya khanga kuukuu na shuka za pamba, vilivyolainika kwa kufuliwa. Tabata, jirani wengi walikuwa wamehamia nepi za kutupwa, na matokeo yalionekana kila mvua ikinyesha: mtaro wa mtaa ulifurika kwa sababu ulizibwa na nepi zilizovimba maji. Ndani ya nepi hizo mlikuwa na kinyesi. Wengi huamini kuwa kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kwa kweli hubeba vijidudu vya kuhara sawa na cha mtu mzima, na maji ya mtaro ule ndiyo yaliyochezewa na watoto wa mtaa mzima.

Familia ilinunua nepi za kitambaa dazeni mbili, ikabakiza pakiti ndogo ya nepi za kutupwa kwa siku za safari. Utaratibu ulikuwa hivi: kinyesi kinatupwa chooni kwanza, nepi inaloweshwa katika ndoo yenye mfuniko, inafuliwa kwa sabuni ya mche, inasuuzwa mara mbili, kisha inaanikwa juani kwenye kamba iliyo juu. Baada ya hapo hupigwa pasi, kwa sababu yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zinazokaukia kivulini au chini, na funza wake hupenya kwenye ngozi. Ndoo lazima iwe na mfuniko na ikae mbali na mtoto anayetambaa, maana ndoo ya maji yaweza kumzamisha mtoto aliyeinamia ndani.

Kitambaa hakiwi bora kwa kuwa kitambaa tu. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba faida ya nepi za kufua hutegemea namna zinavyofuliwa. Zikifuliwa kwa maji ya moto sana na kukaushwa kwa mashine ya umeme, faida hupotea. Zikifuliwa nyingi kwa pamoja, zikaanikwa nje na kutumiwa tena na mtoto wa pili, mzigo wake kwa hali ya hewa hupungua kwa takriban asilimia 40 ukilinganishwa na wastani wa nepi za kutupwa. Masharti hayo ndiyo desturi ya ua wa Ngamiani: beseni moja, kamba ya juani, na nguo za mkubwa kurithiwa na mdogo.

Lakini utaratibu huu una gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti, nayo ni mikono. Wiki tatu za mwanzo baada ya kurudi kazini, mama wa Tabata alifua peke yake, usiku, hadi maziwa yakapungua kwa uchovu. Nepi za kitambaa ziliendelea kutumika kwa sababu baba alichukua zamu ya kufua asubuhi. Malezi yanayojali mazingira yakimwangukia mtu mmoja huwa adhabu, na hayadumu.

Chakula cha mwezi wa saba

Mtoto akifika miezi 6 maziwa peke yake hayamtoshi. Hiki ndicho kipindi ambacho udumavu huanza kujificha ndani ya mtoto anayeonekana mzima. Takwimu za kitaifa za Tanzania zinaonyesha kwamba mwaka 2010 watoto 42 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 walikuwa 30. Nafuu hiyo ni kubwa. Bado, watoto 30 kati ya 100 ni karibu mmoja katika kila watatu, na mikoa kadhaa inayosifika kwa kulima chakula kingi ni miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Tatizo ni kuwa sufuria ya mtoto huwa na kitu kimoja: uji mweupe.

Uji wa nyumba ya Ngamiani ulikuwa wa mtama au mahindi, ukitiwa karanga zilizopondwa au tui la nazi. Chakula cha mchana kilikuwa wali uliopondwa na mchicha, matembele au majani ya kunde, pamoja na dagaa waliotolewa vichwa na kusagwa. Matunda yalifuata msimu: machungwa ya Muheza, maembe ya vuli, mapapai ya uani, na ubuyu uliokorogwa kwa maji. Hakikuwapo kitu kilichosafirishwa kutoka ng'ambo, wala hakikuhitajika. Kosa la nyumba ile lilikuwa chai ya rangi, iliyogawiwa hata kwa mtoto wa mwaka mmoja. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwenye mboga na nafaka. Chungwa au ubuyu baada ya mlo hufanya kinyume chake, husaidia chuma kufyonzwa. Tabata chai ilitoka kwenye meza ya watoto, chungwa likabaki.

Fundisho kubwa la bibi lilikuwa kwenye karanga. Jioni kabla ya kusaga alikaa kwenye mkeka, ungo magotini, wajukuu wakimzunguka. Karanga nzima zilisukumwa upande mmoja kwa kidole gumba. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zenye ukungu zilikusanywa upande wa pili. Mjukuu mmoja aliwahi kuuliza kwa nini zile mbaya zisipewe kuku. "Yenye ukungu huionji, mjukuu wangu, wala humpi kuku," alijibu, "kwa sababu kuku utamla wewe." Zote zikatupwa chooni.

Bibi hakuwa na jina la sumu aliyokuwa akiikwepa. Leo inaitwa sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri, haionekani kwa macho, na kupikwa hakuiondoi. Nchini Kenya mwaka 2004 iliwadhuru watu 317 katika mikoa ya mashariki, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ililipuka Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huharibu ini, na tafiti zinaihusisha na udumavu wa watoto. Hupita pia kutoka kwenye chakula cha mifugo hadi kwenye maziwa. Kinga yake ni ile ile ya mkekani: kukausha nafaka juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuhifadhi pakavu, na kuchagua punje kwa macho na vidole. Unga wa lishe unaouzwa tayari hauna budi kuulizwa swali hili kwanza: nani alizichagua karanga zake?

Moshi na chupa ya mafuta ya taa

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Usemi huo una maana yake ya mfano, lakini katika jiko la kuni una maana ya wazi kabisa: mtoto aliyefungwa kwa mbeleko mgongoni huvuta moshi ule ule anaouvuta mama aliyeinamia mafiga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao huuawa na homa ya mapafu. Moshi huo huo ndio msitu uliokatwa: kila gunia la mkaa linaloingia mjini lilikuwa miti kwanza.

Serikali ya Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa nyumba ambayo bado haijaweza kujaza mtungi wa gesi kila mwezi, yapo ya kufanya leo. Maharage yakilowekwa usiku huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria yenye mfuniko hutumia mkaa kidogo. Jiko banifu huzuia joto lisipotee. Kupikia uani au kwenye baraza yenye hewa, na kumweka mtoto mbali na moto, humpunguzia moshi pasipo gharama yoyote. Jiko la mkaa halilazwi ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu yoyote ile, hata usiku wa baridi, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu na huua waliolala. Kwa mbu, chandarua chenye dawa ni bora kuliko dawa ya kuchoma, ambayo nayo ni moshi.

Mafuta ya taa yana hatari ya pili. Mchana mmoja wa mwaka 1986, katika nyumba ya Ngamiani, mjukuu wa miaka mitatu alikuta chupa ya soda sakafuni karibu na jiko la utambi. Alikuwa na kiu. Alipiga funda moja kabla ya kuanza kukohoa, na harufu ilipotoka kinywani mwake nyumba nzima ilijua. Bibi alikuwa ameshamshika taya, kidole tayari kumtapisha, jirani muuguzi alipoingia mbio kutoka nyumba ya pili. "Usimtapishe, Bi Mkubwa! Yatamwingia kifuani!" Mtoto alipelekwa hospitali, akahema kwa shida siku tatu, akapona. Mafuta ya taa hudhuru zaidi yakifika mapafuni, na kutapika ndiko kunakoyafikisha huko. Tangu siku ile nyumba ikawa na sheria isiyovunjwa: chupa ya kinywaji haiwekwi kitu kisichonyweka, na mafuta, dawa ya mende na dawa ya kusafishia choo hukaa juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Tabata sheria hiyo ilihamia pamoja na ungo.

Sakafu, mikono na maji

Mtoto anayetambaa huishi sakafuni. Ndiyo maana mkeka wake hukung'utwa kila siku, kuku hawaruhusiwi kuukanyaga, na viatu huachwa mlangoni kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Pwani. Desturi hiyo ni ya adabu, na pia ni ya afya: viatu huingiza vumbi la barabarani na uchafu wa mtaro.

Katika vumbi hilo kinachotisha zaidi ni risasi. Kwa miongo mingi ilitiwa katika petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha Julai 2021. Huo ni ushindi wa mazingira uliookoa akili za watoto wasiohesabika. Lakini risasi bado imo katika baadhi ya rangi za kuta, katika betri chakavu zinazopasuliwa mitaani, na katika baadhi ya sufuria zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu, ambazo huachia madini zaidi zikipikiwa vyakula vichachu kama nyanya au ndimu. Ukuta unaobanduka karibu na kitanda cha mtoto usikwanguliwe ukiwa mkavu, kwani hapo vumbi lake huenea. Ulowanishwe kwanza, mabaki yaokotwe, mtoto akiwa mbali.

Mikono huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, baada ya choo na kabla ya chakula. Tabata, ambako maji ya bomba yalitoka siku mbili kwa wiki, kilitundikwa kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa, likafungwa kamba na kijiti cha kukanyagia. Mtoto wa miaka miwili alikiendesha mwenyewe kwa mguu, na kwa kuwa maji yalitoka kidogo kidogo, dumu moja lilitosha asubuhi nzima. Maji ya kunywa yalichemshwa hadi yakatokota kwa dakika moja. Mkaa ulipokosekana, maji maangavu yalitiwa katika chupa safi zinazopitisha mwanga, zikalazwa kwenye bati juani kwa saa sita, njia ambayo huua vijidudu mradi maji yasiwe na tope na mbingu isifunikwe na mawingu. Mtoto akiharisha, hunyweshwa maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akiendelea kunyonya, na kupelekwa kituo cha afya mapema.

Mchezo na macho ya mtoto

Akishatembea, mtoto huhitaji uwanja kuliko vitu vya dukani. Watoto wa Ngamiani walicheza kombolela, rede na mdako. Waliunda magari kwa waya na magurudumu ya kandambili kuukuu, na mipira kwa makaratasi na kamba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji walau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku. Kuhusu kukaa mbele ya runinga au simu, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe kabisa, wa mwaka mmoja vivyo hivyo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja. Dakika 180 za kombolela zilikuwa jioni moja ya kawaida Ngamiani. Tabata zilikuwa kazi ya kupanga, kwa sababu uwanja ulikuwa umejengwa fremu za maduka. Wazazi wanne wa mtaa walikubaliana kupokezana: kila jioni mmoja huketi nje akiwaangalia watoto wa wote.

Ufukweni, maji yakipwa, bibi aliwaonyesha wajukuu kaa wakiingia mashimoni kati ya mizizi ya mikoko, na kuwaambia kila jiwe lililopinduliwa lirudishwe lilivyokuwa, maana chini yake kuna aliyekaa. Mambo ya namna hii huonekana madogo. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, ameeleza katika kumbukumbu zake za Unbowed jinsi alivyokuwa akitumwa kuni akiwa mtoto, akasimama kwenye kijito karibu na mti wa mugumo akijaribu kuyaokota mayai ya vyura yaliyofanana na shanga. Alirudi akiwa mtu mzima akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, iliyopanda makumi ya mamilioni ya miti, na mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Aliyeona kijito kikiwa hai ndiye aliyejua nini kimepotea. Mtoto asiyeonyeshwa kitu hataona pengo kikiondoka.

Taka

Ua wa Ngamiani ulikuwa na taka chache kwa sababu vitu vilikuwa haba. Kapu la ukindu lilikwenda sokoni na kurudi, samaki alifungwa kwa jani, chupa ilirudishwa dukani. Maganda yalifukiwa kwenye shina la mgomba. Lakini kilichobaki kilichomwa kila Ijumaa, mifuko ya plastiki ikiwamo, na watoto waliruhusiwa kuuzunguka moto. Hilo nalo lilikuwa jiwe. Plastiki ikiungua hutoa sumu inayoingia mapafuni, na majivu yake hubaki katika udongo ule ule unaopandwa mchicha.

Nchi za ukanda huu zimechukua hatua. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria iliondoa mifuko, lakini chupa, pakiti za biskuti na nepi zimebaki, na hizo hukabidhiwa kwa nyumba yenyewe. Tabata ziliwekwa ndoo tatu: ya maganda na mabaki, ya chupa na vyuma, na ya vilivyosalia. Ndoo ya kwanza ilikuwa mboji ndani ya miezi michache, mboji ikaingia kwenye magunia manne ya udongo ukutani, na magunia yakatoa mchicha na matembele. Ya pili alipewa mwokota chupa wa mtaa, aliyefahamika kwa watoto kwa jina na kuamkiwa shikamoo. Ya tatu, iliyosubiri gari la taka, ilizidi kuwa nyepesi. Mtoto wa miaka minne hawezi kuelezwa habari za hali ya hewa ya dunia, ila hajapata kukosea ganda la ndizi ni la ndoo ipi.

Ungo unavyorithiwa

Mwaka 2019 mtoto wa kwanza alitimiza miaka saba na kuanza darasa la kwanza. Mwaka huo mnazi wa Pongwe nao ulizaa kwa mara ya kwanza, kwa umri ambao minazi mirefu ya Pwani kwa kawaida huanza kuzaa. Bibi alikuwa amekwishafariki. Familia ilikwenda likizo, madafu mawili yakaangushwa, na watoto wakanywa wakiwa wamekaa kwenye mkeka kivulini mwa mti. Jioni kulikuwa na karanga za kusaga. Mkubwa alichukua ungo bila kutumwa, akaanza kusukuma nzima upande mmoja kwa kidole gumba. Mdogo wake, mwenye miaka minne, alinyanyua moja yenye ukungu na kuuliza kama ni ya kuku. Aliambiwa si ya kuku, na sababu akaelezwa.